Kalbinsali Alipoanza Kusikia

Baba yangu, Kalbinsali, alipasua ngoma za masikio yake akiwa kijana. Wapiga mbizi wetu wengi hupitia hilo: unazama mpaka kitu kipasuke, damu inatoka puani na masikioni, unalala wiki nzima na kizunguzungu, kisha unaenda chini bila maumivu. Alipofika miaka sitini alikuwa anasikia injini tu, na watu wanaopiga kelele.

Mwaka juzi nilimpeleka hospitali hapa mjini Semporna, akavishwa kifaa cha kusikia. Asubuhi iliyofuata mama, Salbaya, alikuwa amempa mgongo, anakuna mihogo.

"Kakoroma kama injini iliyoingia maji," mama akajisemea, "na sasa atataka chai."

"Naitaka. Na sukari usinibanie," baba akajibu.

Muhogo ulimponyoka mama ukatumbukia baharini kupitia upenyo wa mbao za sakafu, maana nyumba zetu zimesimama kwenye nguzo juu ya maji. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kicheko hakikudumu. Siku ya tatu baba alinikuta nje, kwenye ujia wa mbao unaounganisha nyumba zetu.

"Mama yako kaninunia? Tangu nianze kusikia, hasemi neno."

Nikaona nisimfiche. "Hajanuna, baba. Kila asubuhi alikuwa akiongea na Tanjili, anampa habari za nyumbani. Sasa anakuonea haya."

Tanjili ni kaka yangu. Alizama akitafuta majongoo ya bahari, mwaka wa kumi na tisa sasa. Tangu tumzike, baba hakuwahi kulitaja jina lake, na mama hakutaka kumtonesha kidonda.

"Miaka yote hiyo?" baba akauliza. "Nami niko palepale?"

"Palepale."

Alishika sikio lake. Nilidhani atakivua kile kifaa akitupe majini. Hakukivua, akaingia ndani.

Kesho yake aliketi karibu na mama, akachukua kisu, akawa anamenya mihogo. Akamenya miwili. Akakohoa.

"Tanjili, ni mimi baba yako. Dada yako mzima. Jana nimevua changu mkubwa, kama mkono wangu huu."

Mama aliendelea kukuna. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa imejaa muhogo. Hatimaye akasema, "Usimsikilize, mwanangu. Changu mwenyewe kiganja tu."

"Ulimpima wewe?"

"Aliyemparua magamba nani, kama si mimi?"

Baba akachukua muhogo mwingine. "Basi alikuwa mnene," akasema.

Tangu siku hiyo wanampa habari pamoja, na kila moja wanaigombania. Jana nilipowapitia walikuwa wanamsimulia harusi ya binamu yetu, wakibishana ni nani kati yao aliyecheza vibaya zaidi.