Tumia Mahali Ulipo Sasa

Bitutu alipangusa meza iliyo karibu na mlango, akaweka sahani ya chapati na madondo, maharagwe yake ya mchuzi, kisha akasimama kando na kunyoosha aproni yake kana kwamba ni yeye atakayepigwa picha.

"Ongeza mchuzi kidogo," Beverlyne alisema. "Kwa picha, chakula kikavu hakivuti mtu."

Bitutu akaongeza. Beverlyne akainama na simu yake, akapiga, akaitazama, akamfukuza nzi, akapiga tena.

Hoteli ya Bitutu iko Got Kwach, upande wa machimbo ya dhahabu ya Migori, mbali kidogo na lami. Ina meza chache, benchi refu la ukutani, jiko la kuni huko nyuma, na karatasi mlangoni inayosema kwamba Jumamosi hapapikwi, maana Bitutu ni Msabato aliyetoka Kisii na jambo hilo halijadiliwi hata na mwenye njaa. Zamani ilikuwa ikijaa. Wachimbaji wa shimo la Omanga walikula hapo asubuhi na jioni. Halafu mvua za Aprili zikaangusha lile shimo wanaume watano wakiwa ndani. Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono, wakapata udongo tu, na hata kabla juma halijaisha Omanga, mwenye shimo, alileta tingatinga likafukia yote. Pasta akauombea udongo. Chifu akasema serikali imehuzunika sana. Wachimbaji waliobaki walihamia upande wa pili wa kilima, na Bitutu akawa anapika chakula cha kuliwa na yeye na paka.

Ndipo alipomwita Beverlyne, mwenye duka la fotokopi kwenye senta ya maduka, kule kwenye lami. Beverlyne anasimamia kurasa za Facebook za watu: ya duka la dawa, ya bucha, ya Mohamednur anayeuza vitambaa. Ukurasa, alimweleza Bitutu, ni kama duka, usipoufungua kila siku watu watasema umehama. Weka picha saa ya njaa. Jibu maswali upesi. Mtu akikutukana usimfute, mjibu kwa upole, kwa sababu wengine wanasoma. Bitutu aliyasikiliza haya yote akikanda unga, akauliza swali moja, kama ukurasa unajua Sabato. Beverlyne akasema unajua ukiambiwa.

Shida ilikuwa mtandao. Hotelini haupo. Got Kwach nzima unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kifusi kilichoachwa na tingatinga pale shimo lilipokuwa, na mtu akitaka kumpigia mkwe wake hana budi kupanda pale. Beverlyne alipanda. Akaandika jina, Bitutu Hotel, akaweka namba ya simu, akaweka picha ya chapati, akaweka saa za kufungua na kufunga, Jumamosi hakuna. Ukurasa ukamuuliza biashara iko wapi, ukamwonyesha kitufe cha kutumia mahali alipo sasa. Akakibonyeza, kama anavyofanya kwa biashara zote, kisha akashuka kunywa chai.

Kesho yake saa kumi jioni wanaume watano waliingia hotelini. Walikuwa na udongo mwekundu kwenye nywele na kope, na taa za kichwani bado zilikuwa zinawaka kwa mbali. Bitutu aliwafahamu wote. Aliwaambia wakanawe kwanza, maji yako kwenye mtungi huko nje. Walinawa, maji yakawa mekundu, wakaja kuketi kwenye lile benchi la ukutani ambalo tangu zamani lilikuwa lao.

"Tumeona umefungua hoteli kwetu," alisema Duke, aliyekuwa mdogo kuliko wote. "Simu imesema iko hapo hapo tulipo."

"Simu ya nani?"

"Ya Onyancha. Ilikuwa imebaki na chaji kidogo."

Onyancha, kwenye pembe ya benchi, aliinua simu yenye kioo kilichopasuka ili Bitutu aione.

"Mtakula nini?" Bitutu aliuliza.

"Chapati na madondo, anti. Hatujakula tangu Aprili."

Walikula hadi sahani zikawa tupu. Giza lilipokaribia walishukuru, wakatoka kwa mstari hadi kwenye kifusi, wakashuka ndani yake taratibu, viatu kwanza, kama watu wanaoshuka ngazi. Siku iliyofuata walirudi saa ile ile. Beverlyne, aliyekuwa amekuja kupiga picha ya omena, dagaa wa ziwani, akalipiga picha lile benchi badala yake, kwa sababu benchi lililojaa huita watu. Alipanda kwenye kifusi, akaandika, "Leo kumejaa, karibuni nyote," akaituma. Hapo ndipo alipoona kwamba alama ya hoteli kwenye ramani ilikuwa chini ya miguu yake. Mwalimu mmoja wa Rodi Kopany alikuwa ameshalalamika kwamba ameifuata ramani akafika kwenye lundo la udongo.

"Nirekebishe?" alimuuliza Bitutu aliposhuka.

Bitutu alitazama benchi. "Acha kwanza. Wamalize kula."

Picha ile ilisafiri. Ilifika Nyamarambe, kwa mama mmoja anayeitwa Nyasuguta, ambaye alionyeshwa na jirani yake baada ya kanisa. Nyasuguta hakuhitaji kuona sura. Kijana wa tatu kutoka mlangoni alikuwa ameikunja chapati yake mduara, hakuikata, akaishika kama filimbi, na mtu aliyekula chapati hivyo alikuwa mmoja tu, na aliyemzaa ni yeye. Nyumbani kwake, kando ya migomba, kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakikuwa kimelimwa tangu Aprili. Kilikuwa kinamngoja Duke. Kila alipopita na jembe Nyasuguta alikizunguka. Alivaa sweta akaja Got Kwach.

Duke alipoingia alimkuta ameketi. Walisalimiana.

"Umekonda," mama alisema.

"Huko chini hakuna jua, mama."

"Twende nyumbani."

"Siwezi. Mimi sijatoka. Nakuja tu kula, narudi."

Nyasuguta hakubishana naye. Alimvutia sahani karibu. Alitaka kitu kimoja tu maishani mwake, kumtoa mwanawe katika udongo wa Omanga na kumlaza katika udongo wa kwao, na sasa alikuwa na ushahidi wa mahali alipo. Asubuhi akaupeleka kwa chifu, picha ndani ya simu ya Beverlyne, na Beverlyne mwenyewe akiwa ameishika.

Chifu aliitazama picha kwa makini. Si mtu mbaya. Alimpa mama kiti kizuri.

"Huyu ndiye Duke?"

"Ndiye."

"Yuko ndani ya shimo?"

"Yuko ndani. Nataka barua ya kumfukua, nikamzike nyumbani."

"Mama, lakini hapa anakula."

"Anakula, ndiyo."

"Sasa mimi nitaandika aje barua ya kufukua mtu mwenye anakula chapati? Huko juu si wataniuliza?" Alimrudishia Beverlyne simu. "Enda nyumbani, mathe. Shukuru Mungu. Wenzako wamepoteza watoto."

Habari zilimfikia Omanga. Alikuja hotelini siku hiyo hiyo jioni, viatu vimepakwa rangi, akasimama mbele ya benchi na kuwatazama mmoja mmoja. Kwa muda uso wake ulionyesha kwamba amepunguziwa mzigo.

"Kumbe mko," alisema. "Na mbona hamkuji kazi?"

Duke alimeza kwanza. "Hatujatoka kazini, mzee."

Omanga alimwambia Bitutu amfungie chapati za kwenda nazo. Kabla usiku haujaingia alikuwa ameisambaza ile picha ya benchi kwenye ukurasa wake mwenyewe, akaandika kwamba vijana wake wote wako salama kama mnavyowaona, na kwamba waliomchafulia jina anawasamehe, asanteni kwa maombi. Watu wengi waliipenda. Wengine waliuliza bei ya chapati, na Bitutu, kama alivyofundishwa, akapanda kwenye kifusi akawajibu wote. Inauma kusema, lakini biashara ilianza kupata nguvu.

Nyasuguta hakurudi nyumbani. Alilala kwa Bitutu, na mchana alisukuma chapati kwa sababu hakuweza kukaa bure. Siku moja alimuuliza Beverlyne kuhusu ile alama.

"Ukiitoa pale, itakuwa aje?"

"Itakuja hapa kwa hoteli, mahali inafaa kuwa," Beverlyne alisema. "Wao wataona hoteli iko mbali na wao. Nafikiri watalala tu."

"Na Duke asipokula, chifu ataamini amekufa."

Beverlyne alisema hilo hajui, yeye anajua mambo ya ukurasa peke yake.

Alhamisi jioni Nyasuguta alimwosha Duke kichwa nje karibu na mtungi, kwa sabuni, beseni baada ya beseni, na udongo haukuisha. Alimkausha kwa leso yake. Akampa chapati ambayo alikuwa ameiweka kando, laini, ya mwisho kutoka kwenye kikaango. Beverlyne aliwapiga picha wakiwa hivyo, baadaye akaiweka kwenye ukurasa.

"Kesho usije," mama alisema. "Nataka nikuzike."

"Sawa, mama," Duke alisema. Akafikiri kidogo. "Lakini huko kuna baridi."

Nyasuguta alivua sweta lake akampa. Lilimbana mabegani. Alishuka nalo kwenye kifusi, na wenzake wakashuka baada yake, na Bitutu aliingia ndani kwa sababu hakutaka kuonekana analia.

Ijumaa asubuhi Beverlyne aliisogeza alama. Saa kumi ilifika, benchi likabaki tupu. Bitutu aliweka sahani kwa mazoea, kisha akaziondoa. Mwalimu wa Rodi Kopany alikuja na familia yake, akaketi kwenye benchi, akaandika kwamba ramani sasa iko sawa. Nyasuguta alivumilia juma zima. Kila jioni alipanda kwenye kifusi akasimama bila simu, watu wakadhani anatafuta mtandao.

Alirudi kwa chifu.

"Haji tena," alisema. "Hali chochote. Amekufa."

Chifu alikubali kwamba hilo limebadilisha mambo. "Sasa huyo amepotea," alisema. "Na mtu akipotea, mama, sheria ni miaka saba. Ikiisha bila kuonekana, ndio anahesabiwa amekufa. Hapo tunaweza kuongea mambo ya kufukua." Alichukua kalamu. "Alionekana lini mara ya mwisho?"

"Aprili. Siku shimo lilipoanguka."

Chifu alitoa simu yake mwenyewe. Alikuwa anaufuata ukurasa wa Bitutu, alipenda picha za madondo. Alishuka nao kwa kidole mpaka akapata alichotaka, akamgeuzia mama aone: Duke na chapati yake, nywele zimelowa, leso shingoni.

"Hapa," alisema kwa upole. "Alhamisi ya juma lililopita. Tutaanzia hapo."

Akirudi, Nyasuguta alipita kando ya kifusi, ambako vijana wa Omanga walikuwa wameanza kupima kwa kamba mahali pa kujenga choo cha krasha yake mpya ya kusagia mawe. Alipofika kwenye senta alisimama mbele ya duka la fotokopi.

"Irudishe," alimwambia Beverlyne.

"Mama Duke, ukifanya hivyo..."

"Kuna baridi huko chini. Irudishe."

Beverlyne alifunga duka. Alipanda kwenye kifusi, akawaomba vijana wa kamba wampishe kidogo, akafungua ukurasa, akabonyeza kitufe kile kile. Saa kumi jioni walikuja. Duke alikuwa na sweta la mama yake, mikono ikiishia karibu na viwiko, jekundu lote kama wao. Hakuuliza kwa nini alifukuzwa wala kwa nini ameitwa. Alinawa, akaketi wa tatu kutoka mlangoni, akaikunja chapati yake mduara.

Nyasuguta aliketi karibu naye na mikono yenye unga.

Tangu asubuhi ukurasa haukuwa na picha mpya, na watu walikuwa wameanza kuuliza kama Bitutu Hotel imefungwa. Beverlyne aliinua simu, akaishusha.

"Nikipiga hii, Mama Duke, chifu ataanza kuhesabu upya. Leo ndiyo itakuwa siku ya kwanza. Na kesho nikipiga tena, itakuwa kesho."

Nyasuguta alinyoosha kola ya lile sweta shingoni mwa mwanawe. Kiganja chake kikabaki pale pale.

"Utapiga," alisema. "Ngoja kwanza amalize kula."

Beverlyne akangoja. Duke alimaliza, akalamba mchuzi kidoleni, akamtazama mama yake, akaomba chapati nyingine.