Kitanda cha Mama Mkwe

Askari wa forodha pale Busia alikitazama kitanda kilichofungwa juu ya basi, akakizunguka kwa macho kama mtu anayechagua ng'ombe wa kununua, kisha akamuuliza Elphas Oguttu kinakwenda wapi. Kenya nayo ilikuwa imepata uhuru wake juzi tu, na mpaka ambao zamani watu waliuvuka wakimfukuza kuku sasa ulikuwa na kizuizi cha mti, bendera mbili na watu wenye maswali. Elphas, fundi seremala Msamia wa upande wa Kenya, alikuwa na haraka. Angesema ukweli, kwamba kile ni kitanda cha kuwaonyesha wanunuzi wa Tororo, angeambiwa ashuke, akae kwenye benchi, amngoje bwana mkubwa arudi kutoka kunywa chai. Kwa hiyo alisema neno la kwanza lililomjia mdomoni. Alisema anampelekea mama mkwe wake, mgonjwa.

Askari akalegea pale pale. Nani atamzuia mtu na kitanda cha mama mkwe? Akamruhusu kupita na kumpa pole nyingi. Akol, utingo wa basi, aliyekuwa huko juu akikaza kamba, aliyasikia yote.

Uongo wenyewe haukuwa uongo mtupu. Mama mkwe alikuwapo, Mama Nasirumbi wa Masafu, na alikuwa Tororo kweli, kwa mwanawe Chrispinus, akipelekwa hospitali kila asubuhi kuchomwa sindano za mgongo. Ila Elphas hakuwa na nia ya kukanyaga huko. Chrispinus alikuwa na chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, na hakuna Msamia mwenye akili zake timamu anayeingia chumba anacholala mama mkwe wake. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja hupisha vichakani. Miaka yote ya ndoa yake, Elphas alikuwa ameuona mgongo wa mama huyo mara chache, na sauti yake aliifahamu kwa kuisikia nyuma ya ukuta tu.

Kilichomkimbiza Tororo ni mivule. Marehemu baba yake aliacha mivule nyuma ya boma, mikubwa, ya kujivunia. Elphas aliposikia kwamba kiwanda kipya cha Tororo kinajenga bweni la wafanyakazi na kinatafuta vitanda, hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliikata yote. Peninah, mkewe, alimwambia kwanza apate kazi ndipo akate, naye akamjibu kwamba mwanamke hajui biashara. Sasa mbao zilijaa uani, zimefunikwa majani ya migomba, mvua inanukia, na mchwa wa Busia hawana huruma na mtu. Akikosa kazi hii, basi miti ya baba yake ameikata bure, na kila akitoka nje asubuhi atakuwa anatazama visiki. Wazo hilo lilimwandama njia nzima, hata walipopita Buteba hakuona kitu.

Tororo ilimpokea kwa vumbi. Mji ule ulikuwa unakua kama mtoto anayezidi nguo zake kila Krismasi. Duka alilolijua lilikuwa limevunjwa, barabara aliyoizoea imezibwa kwa kokoto, na kila aliyemuuliza njia alikuwa mgeni kama yeye. Alimwachia Akol kitanda pale kwenye uwanja wa basi, akamwomba akitazame, akaenda kumtafuta ofisa wa ununuzi wa kiwanda, Bwana Ojangole. Ofisi aliyoelekezwa ilikuwa imehamia karibu na reli. Huko karibu na reli akaambiwa imehamia ng'ambo, kwenye jengo ambalo bado lilikuwa na ngazi za waashi. Kila mlango ulikuwa na mtu wa kumwambia angoje, na kila aliyemwambia angoje aliondoka asirudi. Jua likamchoma, viatu vya Jumapili vikamuuma, na kila alipokaa akajiona kama anausikia ubao mmoja ukipasuka kule nyumbani.

Alipompata Ojangole, jua limekwisha geuka, mzee huyo wa Kiteso alimsikiliza kwa upole bila kuinua macho kutoka mezani. Akasema vitanda vya mbao anavipenda, lakini yeye hanunui maneno. Anataka kitanda kimoja kikae stoo kiwe kielelezo, vingine vyote vilinganishwe nacho. Kiletwe kesho asubuhi.

Elphas akarudi uwanja wa basi karibu akikimbia. Pale alipokiacha kitanda palikuwa na mbuzi amelala. Akol alikuwa ameegemea gurudumu, anatafuna muwa, uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Kitanda yako nimepeleka," akasema. "Mimi najua nyumba ya Chrispinus. Nimeona wewe unahangaika na jua, nikasema mgonjwa hawezi kungoja. Sasa mama nalala pale juu, raha kabisa."

Elphas alitaka kumkaba koo. Badala yake akamshukuru, kwa kuwa angemwambia nini? Kwamba mbele ya askari wa serikali alimtaja mama mkwe ili asicheleweshwe? Aibu ya namna hiyo haisemeki kwa utingo. Tena jambo lilikuwa baya kuliko wizi, maana kitanda kilichoibwa unaweza kukidai. Kitanda alicholalia mama mkwe wako hukigusi. Hukibebi, hukiuzi, wala huendi kukichungulia.

Hata hivyo alikwenda, kwa kuwa miguu ilimpeleka yenyewe. Alisimama nyuma ya nyumba ya Chrispinus, kalipa mgongo dirisha, kama inavyompasa mkwe. Chrispinus alitoka akamkumbatia, akanong'ona kwamba mama alikuwa akilala sakafuni juu ya mkeka kwa sababu chumba hakikuwa na kitanda, na maumivu hayakumpa hata lepe la usingizi. Leo alipolazwa juu ya kile kitanda alilala kama mtoto. Elphas alikuwa amekwisha fungua kinywa kueleza yote, ili Chrispinus atafute njia ya kukirudisha, ndipo sauti ilipotoka dirishani, nzito na ya taratibu.

"Baba Edah," ikasema, kwa kumtaja kwa jina la mwanawe wa kwanza, "umenikumbuka. Wanangu wa kuwazaa hawakunikumbuka hivi. Mungu akufungulie unachokitafuta."

Akafunga kinywa. Akasema, "Asante, mama," akiutazama ukuta wa jirani, akaondoka huku masikio yakimwaka moto. Nyumba za wageni zote zilikuwa zimejaa mafundi na wapima ardhi, basi fundi huyo wa vitanda akalala kwenye benchi la stesheni ya reli, mbu wakimtafuna, akijilaani kwa Kisamia na kwa Kiswahili.

Hapo ndipo alipokikumbuka kitanda kingine. Kulikuwa na kimoja tu duniani chenye mbao zilizochomekana kwa ulimi na tundu kama kile, kisicho na msumari hata mmoja, na ni kile alichokitengeneza kabla ya harusi, wanacholalia yeye na Peninah. Wazo hilo halikumfurahisha. Lilimtia hofu mpya, maana atamwambiaje Peninah?

Asubuhi alifika kwa Ojangole mikono mitupu akaeleza ukweli wote, askari, utingo, mama mkwe na dirisha, kwa kuwa hakuwa na uongo mwingine uliobaki, kisha akaomba alete kitanda kingine. Ojangole hakucheka. Wateso nao wana wakwe. Aliweka kalamu chini akafikiri.

"Hata mimi siwezi kutoa mama juu ya kitanda," akasema. "Lakini kesho mchana treni naleta mtu wa Kampala na vitanda ya chuma. Kama yeye nafika kwanza, mimi nasaini yake."

Elphas akapanda basi la kurudi. Nyumbani alimkuta Peninah akizipanga upya mbao, amekunja gauni, jasho linamtoka. Alimweleza akiwa amesimama mlangoni, akijua anastahili kukumbushwa alivyosema kuhusu wanawake na biashara. Peninah hakumkumbusha. Aliuliza swali moja tu.

"Ni kweli mama amelala?"

"Amelala."

"Basi toa hiki chetu."

Akaingia ndani akaanza kukunja mablanketi.

Kesho yake alfajiri walikitoa, yeye mbele na mkewe nyuma. Sasa, kule kwao kitanda cha mwenye nyumba hakitolewi nje ovyo. Kikitoka, watu wanajua kuna maiti ya kulazwa juu yake. Felistus, jirani yao, alikuwa akifagia. Aliona kitanda kinatoka, akatupa ufagio, akashika kichwa na kupiga ukemi wa msiba, na kabla Elphas hajafika barabarani wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanakuja mbio wakilia. Peninah alibaki nyuma kuwaeleza kwamba hajafa mtu. Elphas alijitwika kitanda peke yake asigeuke, ila kile kilio kilimwingia mifupani. Alikiona kama kinaililia mivule.

Mpakani askari alikuwa yule yule. "Mama mkwe tena?" akauliza.

"Hapana. Hiki ni changu mwenyewe."

"Mtu hasafiri na kitanda chake," askari akasema, akamwonyesha benchi.

Akakaa. Siku aliyodanganya alipitishwa kwa pole, na siku aliyosema kweli alikalishwa kumngoja bwana mkubwa amalize chai. Alitazama jua likipanda juu ya mabati ya forodha. Alihesabu jinsi treni inavyopita stesheni moja moja, yule mtu wa Kampala amekaa ndani na vyuma vyake, anapigwa upepo. Dereva akapiga honi mara ya kwanza, na ya pili. Elphas hakuona haya tena, angepiga magoti kama kupiga magoti kungesaidia. Akol ndiye aliyeshuka akaenda kuzungumza na askari pembeni, akimweleza sijui nini huku anaonyesha juu ya basi, mpaka askari akamtazama Elphas kwa macho ya huruma, akainua kizuizi mwenyewe.

Walipoingia Tororo treni ilikuwa inapiga mluzi. Elphas hakungoja mkokoteni. Alikibeba kitanda kichwani, akapita katikati ya kokoto na baiskeli, watu wanampisha, wanaume wengine wakivua kofia kwa kudhani amefiwa. Alikitua mbele ya mlango wa stoo.

Ojangole alikizunguka. Akaona upande mmoja umekwaruzwa kwa kisu, kazi ya Edah alipokuwa mdogo, akasema kitanda hiki si kipya.

"Kimelaliwa miaka yote ya ndoa yangu," Elphas akasema akitweta. "Panda, bwana. Rukaruka juu yake. Kikilia hata kidogo, nitakibeba nirudi nacho."

Ojangole akavua viatu akapanda, mtu mzima na tai yake. Akajigeuza huku na huku. Waashi walisimamisha nyundo wakasikiliza, na hakikutoa sauti. Alipokuwa bado amelala, mtu wa Kampala akatokea mlangoni na mkoba wake, akakuta ofisa wa ununuzi yuko kitandani.

Kazi ikawa ya Elphas. Vitanda vya bweni zima, na vya kwanza vifike kabla bweni halijafunguliwa, mwisho wa mwezi, bila kuchelewa hata siku moja. Ojangole alilirudia hilo la kuchelewa mara nyingi, kidole kikiwa juu. Kielelezo kikafungwa kibandiko kikaingizwa stoo, na Elphas akakitazama mpaka mlango ulipofungwa.

Kabla ya basi la jioni alipita nyuma ya nyumba ya Chrispinus kuaga. Akalipa dirisha mgongo. Akaaga kwa sauti ya chini, akidhani amelala.

"Baba Edah," sauti ikasema. "Akol amepita hapa. Ameniambia kuna kitanda kingine kimepita mjini leo, juu ya kichwa chako."

Elphas akaukazia macho ukuta wa jirani.

"Na hiki changu kilikuwa kinakwenda wapi?"

"Kiwandani, mama. Nisamehe. Nilikutaja mpakani ili nipite haraka."

Ndani kitanda hakikulia, kwa hiyo hakujua kama amejigeuza au ameinuka. Alisubiri laana. Laana ya mama mkwe Msamia haitaniwi.

"Binti yangu analala wapi leo?"

Hapo ndipo ilipomchoma. Katika mbio zote zile, askari na treni na Ojangole, hakuwa amejiuliza. Alimwona Peninah anakunja mablanketi bila neno, na akakumbuka kwamba wala hakumwambia asante.

"Chini, mama. Kwenye mkeka."

"Mimi najua mkeka ulivyo," sauti ikasema. "Basi anza na chake."

Alitaka kusema habari za mwisho wa mwezi, na kidole cha Ojangole. Akasema, "Nimesikia, mama."

Mbao za kwanza za mivule ya baba yake, zile pana za chini ambazo mchwa hawajazifikia, ziliingia kwenye kitanda cha Peninah. Vitanda vya kwanza vya kiwanda vilifika Tororo siku moja baada ya bweni kufunguliwa, na Ojangole alimfokea mbele ya wafanyakazi wote, naye akasimama akafokewa.