Kipaza na Filamu Mbili za Hariri

Filamu ya kwanza ya Hariri ilikuwa mbovu, na Kipaza alipomaliza kuifasiri alijisikia kama mtu aliyemwangusha adui yake mweleka mbele ya ukoo mzima.

Hiyo ndiyo kazi yake, kufasiri filamu. Ana ukumbi wa video wenye kuta za mabati, mabenchi ya mbao, skrini ukutani na kimeza pembeni anapokaa na maiki yake. Filamu zinakuja zikisema lugha za watu. Yeye hushusha sauti ya filamu, hupandisha ya kwake, na kuwaambia wateja nani kasema nini. Lugha ya kigeni aliiokota alipokuwa akibeba masanduku ya wageni hotelini, maana shule aliiacha mapema, na penye pengo hutia kiraka. Hakuna aliyewahi kulalamikia viraka. Wengine huja kwa ajili ya viraka hivyo. Mtaa mzima unamwita Kipaza. Jina alilozaliwa nalo wanalitumia watu wawili tu, mama yake na mkewe.

Na mke ndiye kiini cha habari hii, kwa sababu mkewe alimpenda Hariri.

Hariri alikuwa mwimbaji wa ng'ambo aliyetikisa dunia walipokuwa vijana. Jina hilo alipewa na mashabiki wa huku, kwa sauti yake laini. Alikufa zamani. Lakini picha yake ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la nguo, na ilikuwepo kabla ya ndoa. Walihama nyumba mara tatu. Sufuria zilipotea, kitanda kilivunjika mguu, picha haikupata hata kikunjo. Kila asubuhi Kipaza akifungua kabati kutafuta shati, anamkuta mwanamume mwenzake amefungua vifungo mpaka kitovuni, anamkenulia meno.

"Unamwonea wivu marehemu?" mkewe alimcheka siku moja.

"Marehemu huvaa sanda. Huyu kifua wazi."

"Basi nenda ukamfunge vifungo."

Alicheka yeye peke yake.

Kwa hiyo ilipokuja filamu ya maisha ya Hariri, Kipaza aliifasiri kwa roho moja. Ilitengenezwa haraka haraka enzi zile, jamaa akiwa hata kaburini hajakauka. Mwigizaji alivaa wigi ambalo kichwa kikigeuka, lenyewe linafuata baadaye. Nyimbo zilimjia kama chafya: anafungua friji, wimbo; anavua kiatu, wimbo. Kila aliyekutana naye alimpigia makofi. Hata daktari aliyempa habari za ugonjwa alimalizia kwa kuomba saini yake. Filamu ya namna hiyo haina pa kukushika. Kipaza akaijaza alivyotaka. Akamfanya Hariri bahili anayepima sukari kwa kijiko cha dawa, mwoga wa paka, na fisi wa wachezaji wake wa kike, wote, mpaka mpishi wao. Watu walivunjika mbavu. Fundi baiskeli alianguka na benchi lake.

Mkewe alikuwa mlangoni, nyuma ya pazia, akikata tiketi kama kawaida. Watu walipotoka wakijifuta machozi ya kicheko, aliingia na ufagio.

"Umemfanyaje yule mtu?"

"Nimemwacha alivyotengenezwa."

"Aliyemtengeneza alimfanya mjinga. Ufisi umeuongeza wewe."

"Ulikuwa nje, umejuaje?"

"Sauti yako naijua inapodanganya. Nimelala nayo miaka yote hii."

Akafagia mpaka chini ya miguu yake, asinyanyue macho.

Haukupita muda kinyozi wa jirani akamwita Kipaza dukani kwake. Kinyozi huyu ni mtu wa mabishano. Ukikaa kwenye kiti chake, hoja yako inanyolewa pamoja na kichwa. Alikuwa na mteja nusu kichwa, na mkononi anarusharusha flashi.

"Bwana, kuna nyingine ya Hariri. Hii ndiyo yenyewe. Ile uliyotuonyesha ilikuwa takataka."

"Mbona ulicheka?"

"Nilikucheka wewe, ndugu yangu. Filamu sikuiona." Akamgeukia mteja. "Sikia nikwambie tofauti. Filamu mbaya ya mtu maarufu inaanza uwanja umefurika, watu wanazimia. Nzuri inaanza mtu anatafuta soksi."

"Soksi?" mteja akauliza.

"Soksi. Kwa sababu mbaya inakuambia alikuwa mkubwa, na hilo ulishalijua ndiyo maana ukalipa. Nzuri inakuonyesha mtu kama wewe, halafu inakuacha ujiulize yeye aliwezaje na wewe umebaki hapa unanyolewa."

"Na ukimaliza kuhubiri uninyoe upande wa pili," mteja akasema.

Kipaza aliichukua flashi akijua ataionyesha Jumamosi mchana. Mke alipoiona mezani, alisoma jina lililoandikwa juu yake, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Hii nitaingia niitazame," akasema.

"Utaingia ndani?"

"Mdogo wangu atakaa mlangoni."

Maneno yale yalimkaa Kipaza kama mwiba wa samaki. Mnajua alivyompata huyu mwanamke? Kwa sauti. Alikuwa msichana wa benchi la mbele, anakuja filamu yoyote, ya ngumi, ya mapenzi, ya majini, na siku alipomuuliza anapenda filamu gani, alijibu, "Nakuja kusikiliza wewe." Ndoa yao yote ilisimama juu ya sentensi hiyo. Walipooana alihamia mlangoni kukata tiketi, na tangu hapo hakuwahi tena kukaa kwenye benchi. Filamu ngapi zimepita! Leo anaingia, na si kwa ajili yake.

Jumamosi alipomwona amevaa gauni la maua alilovaa kwenye harusi ya dada yake, na amejipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa, wivu ukampanda kama maziwa yanayofurika jikoni.

"Tunakwenda harusini?"

"Nakwenda kazini kwako, mwenzangu. Sipendezi?"

"Unapendeza. Ndicho ninachouliza."

Basi akaapa moyoni kwamba Hariri atakiona cha moto. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mfasiri hata wa wiki moja halifanyi. Desturi yake ni kuitazama filamu kwanza peke yake, tena zaidi ya mara moja, ajue nani ni nani na nani atakufa. Hii hakuitazama. Kiburi kilimwambia hawezi kumkalisha yule mtu sebuleni kwake. Alidhani atampiga akiwa amefumba macho.

Ukumbi ulijaa. Kinyozi alikaa mbele, fundi baiskeli kwenye benchi lile lile alilolivunja na kulipiga misumari mwenyewe. Mke wa Kipaza alikaa nyuma, pembeni, mikono magotini.

Filamu ikaanza. Mwanamume yuko chumbani, anainama chini ya kitanda, anatafuta soksi.

"Si niliwaambia!" kinyozi akapiga kelele.

Kipaza akashika maiki. "Huyu hapa bahili wetu. Soksi ana mguu mmoja, mwingine kaweka rehani!"

Wakacheka. Wachache. Kwenye skrini mtu yule alikaa kitandani na soksi moja, akaanza kuguna kamstari ka wimbo. Akakosea. Akarudia. Akakosea tena, akajipiga paja. Mwigizaji huyu hakuwa na wigi, wala hakufanana sana na Hariri, lakini alikuwa na uchovu wa mtu halisi. Kipaza akasema anatafuta wimbo kama kuku anavyotafuta punje. Hakucheka mtu. Akasema sauti imekwama kwenye meno ya dhahabu.

"Kipaza, punguza kidogo," kinyozi akasema bila kugeuka.

Punguza! Yeye, ndani ya ukumbi wake! Akatazama nyuma. Mkewe alikuwa ameinamia mbele, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akikaa zamani kwenye benchi la mbele. Uso ule ule. Ila haukuelekea kwenye kimeza.

Wakati huo mwanamke akabisha hodi kwenye skrini, mrembo, ana begi. Hariri akamfungulia, wakakumbatiana kwa nguvu. Kipaza akaona mlango wake umefunguka.

"Haya sasa, wenye roho nyepesi fumbeni macho! Huyu ndiye nyumba ndogo. Anamwambia, mke wangu yuko sokoni, ingia upesi. Anamwambia, nyimbo zote za mapenzi nilikuimbia wewe, yule wa ndani nimemwoa kwa huruma!"

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mama mzee, akamkumbatia yule mwanamke, akamvuta na Hariri, akawabana wote wawili kifuani. Ukutani nyuma yao ilining'inia picha ya watoto wawili na mama huyo huyo katikati.

Kisha fundi baiskeli akauliza kwa upole, "Kipaza, hivi huyo si dada yake?"

"Nyumba ndogo inatambulishwa kwa mama mkwe!" mwingine akadakia. "Hiyo ni familia ya amani!"

Sasa walicheka, na mabenchi yalitikisika, lakini kicheko kilikuwa kimegeuza uso kinamtazama yeye. Masikio yakamwaka. Akafungua mdomo atie kiraka, na kwa mara ya kwanza tangu ashike maiki, kiraka hakikuja.

Ndipo mkewe akasema, si kwa ukali, lakini ukumbi mzima ulisikia:

"Kipaza, nyamaza."

Hakumwita kwa jina lake. Alimwita kama walivyomwita wote, kama mteja. Afadhali angemtupia kiatu.

Akazima maiki. Akapandisha sauti ya filamu mpaka mabati yakalia, kwa hasira, aone kama watamudu. Nazo nyimbo zikaingia. Alikuwa amezisikia maisha yake yote kupitia redio za majirani, na siku zote alizisikia kama mtu anayesikia kelele za nyumba inayomtafutia shari. Leo hakuwa na pa kujificha. Ule mstari aliokuwa akiukosea kwenye kitanda, Hariri aliupata, jikoni, mke wa Hariri akimsahihisha kwa kugonga mwiko kwenye sinki. Ulikuwa mstari mzuri. Kipaza aliujua kuwa ni mzuri, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Adui mjinga unaweza kuishi naye. Huyu alikuwa na kipaji, tena alikitolea jasho, na huyo mwanamke mwenye gauni la maua hakuwa amekosea kumpenda.

Kukaa pale mezani bila kazi kulimshinda. Akainuka, akapita gizani kwenye ukuta, akakuta nafasi moja tu, pembeni ya mkewe. Akakaa. Mkewe akasogea bila kumtazama, kama unavyompisha mtu usiyemjua.

Nyimbo zikaisha. Ikaja sehemu ndefu ya maneno matupu. Hariri anaumwa, amekonda, yuko meza ya jikoni na mkewe, na anamwambia kitu kwa sauti ya chini, polepole, anasimama, anaendelea. Hakuna muziki hata chembe. Watu wakaanza kujikuna. Mtu akakohoa. Lugha ilikuwa ya watu, na picha peke yake haikutosha.

Mke wa Kipaza akamwinamia mumewe. "Anasema nini?"

Kipaza akatazama skrini. Alikuwa amesikia kila neno. Na shetani wake alikuwa amekaa bega la pili, anamwambia: sasa. Mwambie anakiri wanawake. Mwambie anataka talaka. Atakuamini, hana mwingine wa kumuuliza.

"Tafadhali," mkewe akasema. "Anasema nini?"

"Anasema..." Akamsogelea sikioni. "Anasema ameimba nakupenda katika nchi zote, mpaka neno likachakaa mdomoni. Akirudi nyumbani anakuwa hana neno."

"Ehe."

"Anasema, watu mamilioni najua wanataka wimbo gani. Wewe sijawahi kukuuliza."

Akamtazama kwa jicho la pembeni. Machozi yalikuwa yakimshuka mkewe taratibu, wala hayafuti. Kipaza alijisikia kama mshenga aliyepeleka posa ya mtu mwingine na kuona imekubaliwa mbele ya macho yake. Maneno yalitoka kwenye koo lake, yeye ndiye aliyeyabeba, na heshima yote inamwendea aliyeko skrini, tena mwigizaji tu, anamwigiza maiti! Alitamani kuyameza. Tena kilichomkera zaidi, yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kumuuliza mwanamke huyu wimbo anaoupenda. Alijua tu mwimbaji ambaye yeye Kipaza hampendi.

"Ndivyo anavyosema kweli?" mkewe akanong'ona. "Hujaongeza?"

"Ningeongeza, ningemtia ubaya."

Mkewe akatoa kicheko kifupi, chenye kamasi, na mkono wake ukashuka kwenye paja la Kipaza, ukakaa hapo.

"Endelea," akasema. Na akamwita kwa jina lake.

Fundi baiskeli aligeuka. "Nyie mnaongea nini huko? Kipaza, shika maiki, na sisi tumelipa!"

"Subiri, shemeji," mkewe akamjibu. "Aniambie mimi kwanza."

Basi Kipaza akaendelea kumsemea yule mwanamume, neno kwa neno, sikioni mwa mkewe, bila kiraka hata kimoja, huku wivu ukimtafuna mbavu kama panya kwenye gunia. Mkewe alikuwa amefumba macho sasa, skrini haitazami tena, sikio limeelekea mdomoni mwake. Kipaza hakujua mkewe anamsikiliza nani kati yao wawili, yeye au Hariri, na hakuthubutu kunyamaza ili ajue.