Raundi Nane na Eino Lahti

Daktari alimwambia Fernand Gervais wazi kwamba asipoanza kutembea nusu saa kila siku, moyo wake hautamfikisha Krismasi nyingine. Fernand alikuwa na miaka sabini na sita. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza chini ya ardhi, kwenye mgodi wa nikeli pale mjini Sudbury, na kwa hesabu yake mwili ulikwisha kufanya kazi yake, sasa uachwe ukae. Lakini binti yake alimwandikisha kwenye kikundi cha matembezi cha wazee bila kumuuliza. Januari hiyo njia za miguu zilikuwa barafu tupu, kwa hiyo wazee walitembea ndani ya jengo la maduka, wakizunguka korido asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa.

Aliyewaongoza ni muuguzi aitwaye Yvette Trudel. Aliwapima presha, akawaandika majina, akawanyoosha mabega, kisha akawaachia. Raundi nane ndizo zilizotakiwa. Fernand alizichukia zote. Magoti yalimuuma kuanzia ya pili, na kufikia ya tano alikuwa hawazi kitu kingine ila kiti chake kilichokuwa nyumbani mbele ya dirisha.

Siku ya nne mwanamke mmoja mwembamba mwenye mvi alimpita, akageuka.

"Unatembea kama mtu anayefuata jeneza," akamwambia.

"Labda ni langu."

Mwanamke akacheka kidogo, akapunguza mwendo. Jina lake lilikuwa Irja. Tangu hapo wakawa wanatembea pamoja, bila maneno mengi. Fernand aligundua polepole kwamba Irja ndiye mchovu zaidi kati yao wawili. Alisinzia akiwa amesimama Yvette alipokuwa akimpima presha. Asubuhi moja alikaa kwenye benchi kufunga kamba ya kiatu, akalala hapohapo, mkono ukiwa bado kwenye kamba.

Alipoamka alimweleza. Mumewe alikuwa amepoteza kumbukumbu. Usiku anaamka, anavaa, anataka kwenda kazini, na Irja analala sakafuni mbele ya mlango ili asitoke kwenye baridi. Asubuhi jirani hukaa na mume huyo kwa saa moja. Watu wanadhani anakuja mazoezini kwa ajili ya afya, alisema, lakini kweli anakuja ili asikilize miguu yake mwenyewe tu.

Fernand aliuliza mumewe anaitwa nani.

"Eino. Eino Lahti. Alikuwa msimamizi wa zamu mgodini. Labda ulimjua."

Alimjua. Machi mwaka themanini na tatu, kaka yake Lucien alikuwa hospitali, na simu ilipigwa hadi chini mgodini kwamba Fernand aitwe haraka. Fernand alikwenda kwa Eino Lahti kuomba apandishwe juu. Eino alitazama saa, akamwambia zamu imebakiza saa mbili tu, asubiri. Alipotoka na kufika hospitali, Lucien alikuwa amekwisha kufunikwa shuka. Miaka arobaini Fernand hakulitamka jina la mtu huyo nyumbani kwake.

Kwa Irja alijibu kwamba mgodini walikuwa watu wengi. Kisha akaaga, na siku tatu hakuonekana. Alikaa kwenye kiti chake. Hasira ya zamani ilirudi, lakini ilikuja bila nguvu, nayo pia imezeeka, na siku ya tatu alichoka kukaa nayo mle ndani. Akarudi.

Siku hiyo jirani wa Irja alikuwa amesafiri, kwa hiyo Irja alimleta mumewe. Fernand aliwaona kutoka mbali. Eino alikuwa mkubwa bado, ila koti lilimning'inia, na hatua zake zilikuwa fupi kama za mtu anayeogopa utelezi. Irja alimshika mkono kwa mikono yote miwili, uso mweupe kama karatasi.

Fernand hakuweza kueleza baadaye kwa nini alisema alichosema. Alimwambia Irja aende kwenye benchi, yeye atamzungusha.

Walitembea. Kila walipopita mlango mkubwa Eino aliuliza kama zamu imekwisha, na Fernand alimjibu kwamba bado. Raundi ya tatu alishindwa kunyamaza.

"Unanikumbuka mimi?" akauliza. "Gervais. Nilikuomba ruhusa, kaka yangu alikuwa anakufa."

Eino alisimama. Alimtazama kwa makini sana, macho yakaanza kulowa.

"Alikufa?"

"Alikufa."

"Nani alikukataza kwenda?"

Yvette alikuwa anawapungia mkono kutoka upande wa pili, akiwahimiza wasisimame. Fernand akamvuta Eino taratibu wakaendelea. Irja alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa ukutani.

Ikawa hivyo hadi mwisho wa Februari. Kila asubuhi Irja alilala nusu saa, na wanaume wawili wakazunguka. Mara kadhaa Fernand alilirudia jambo la Lucien, na kila mara Eino aliipokea habari hiyo kama msiba mpya, akashika tama, akatoa pole. Mwishowe Fernand akaacha. Kumliza mzee kila siku kwa kosa asilolijua kulimchosha kuliko raundi zenyewe. Presha yake ikashuka. Yvette alimwonyesha namba kwa furaha, naye akaitikia kwa kichwa.

Mwezi Machi nafasi ilipatikana kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Eino akahamishiwa huko. Irja hakuonekana wiki mbili. Aliporudi alisema alilala siku nne mfululizo, akiamka kula mkate tu, na sasa akiamka hajui aanze na nini.

Walitembea raundi moja na nusu, wakakaa. Hapo ndipo Fernand alipomwambia yote: simu, saa mbili, shuka. Irja alisikiliza huku akitazama mikono yake. Hakumtetea mumewe wala hakuomba msamaha kwa niaba yake.

"Sasa kwa nini ulikuwa unamshika mkono?" akauliza.

"Alikuwa anataka kuanguka."

Irja alitikisa kichwa polepole. Alisema Eino hatembezwi kule. Wafanyakazi ni wachache, wanamweka kwenye kiti tangu asubuhi. Hakumwomba kitu. Fernand alisugua magoti yake, akafikiria basi, ngazi za pale mlangoni, na barafu ambayo ilikuwa bado haijayeyuka.

"Wanaruhusu wageni saa ngapi?" akauliza.

"Kuanzia saa nane mchana."

"Alhamisi naweza. Kila siku siwezi, Irja, nimechoka."

"Najua," alisema Irja. "Alhamisi inatosha."