Pakiti Tatu za Ziada

Saa tatu na nusu asubuhi, fundi wa mitandao wa kituo cha simu za dharura alisukuma pakiti elfu kumi za data katika mlango wa kwanza wa swichi mpya, akangoja zitokee mlango wa pili. Swichi yenyewe haikuwa na umbo. Ilikuwa programu tu ndani ya kompyuta, ya kupitisha simu za watu mpaka kwa madereva wa magari ya wagonjwa.

Zikatoka zote, na tatu zaidi.

Akarudia. Tatu zaidi. Akazifungua, na sauti ya mdogo wake, aliyezikwa miaka miwili nyuma, ikaenea chumbani taratibu kama mvuke wa chai.

"Haloo? Chupa ya uzazi imepasuka. Niko huku mlimani, nyumba ya bati jekundu. Leteni gari."

"Ni mimi, dada yako."

"Afadhali. Nimepiga mpaka kidole kimechoka."

Kumbe alipiga. Nyumbani walishikilia kwamba ukaidi wake wa kutoita gari ndio uliomuua.

Fundi akapekua sheria za swichi ya zamani. Ya kumi na saba ilikuwa fupi: laini zikijaa, simu za mlimani zitupwe. Chini yake palikuwa na jina la mkuu wa kituo.

Mkuu alikuja, akasikiliza akiwa amesimama, akampa marehemu pole.

"Zilizoingia zimetoka?" akamuuliza fundi.

"Zimetoka, na zaidi."

"Basi andika imefaulu. Sheria zihamishwe kama zilivyo."

"Hata ya kumi na saba?"

"Dada yangu, magari ni mawili, na mlima hauhami."

Alhamisi fundi alikuja na mama yao. Mama akavua viatu mlangoni, akasogeza kiti karibu na spika.

"Nilikulaumu bure, mwanangu. Nisamehe."

"Yamepita, mama. Mtoto je?"

"Anakimbia. Haambiliki, kama wewe."

Wakacheka wote watatu, na mhasibu wa chumba cha pili akafunga mlango ili asiwasumbue.

"Na gari?" sauti ikauliza.

Mama akamtazama fundi. Fundi akatazama kibodi.

Jumatatu swichi mpya ikaanza kazi, na sheria zake zote, hata ya kumi na saba. Kufikia adhuhuri pakiti za ziada zilikuwa nne. Ya nne ilikuwa ya mzee mmoja mwenye adabu nyingi, akieleza njia ya kufika kwake mlimani kuanzia bomba la maji, kisha ngazi za mawe. Fundi akavuta karatasi, akaiandika njia yote.