Kizibo Cheusi cha Pili

Mwalimu wetu wa baiolojia tulimwita Vizibo, kwa sababu karibu kila somo alilifundishia vizibo vya soda. Siku ya somo la urithi alituwekea ubao wa boksi na mifuko miwili, mmoja wa baba na mmoja wa mama, kila mfuko una kizibo kimoja chekundu na kimoja cheusi. Unafumba macho, unachomoa kimoja kila mfuko, umepata mtoto. Chekundu kikiwemo hata kimoja, mtoto haugui. Vikitoka vyeusi viwili, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu.

Darasa zima lilishangilia. Mimi nilishindwa kushangilia, maana selimundu ndiyo iliyomuua mdogo wangu, na nyumbani shangazi alikuwa ameshakata shauri: damu ya mama ni mbovu, arudi kwao kabla hajazaa mwingine wa kuzikwa. Shangazi hupenda kusema damu ni nzito kuliko maji. Ya mama kumbe haikuhesabiwa. Lakini mdomo wake tumeuzoea, hauna breki. Aliyeniudhi zaidi ni baba, aliyejitia pamba masikioni.

Nikauazima mchezo. Jioni niliutandika mezani, sanduku la mama likiwa tayari mlangoni. Shangazi hapitwi na mchezo; kwenye karata hata watoto hawaonei huruma. Nikamweleza mifuko na vizibo, nikamwambia amtafute mtoto mgonjwa, yaani vyeusi viwili. Akauvamia mfuko wa mama, akatoa cheusi, akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia hapo mtoto bado haugui. Akaukung'uta mfuko uleule mpaka kikadondoka chekundu.

"Cheusi cha pili kiko wapi?"

"Kwa baba, shangazi."

Akasema sina adabu, kaka yake hajaugua ugonjwa huo hata siku moja. Nikamjibu kwamba hata mama hajaugua.

Baba, aliyekuwa amekaa pembeni, alisogea mezani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa baba, na hakufumba macho. Akatoa kizibo cheusi, akakiweka kando ya kile cha mama.

"Tulimpa wote wawili," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Mama watoto, fungua sanduku."

Mama akalifungua. Juu ya nguo zake zote lilikuwa sweta la mdogo wangu. Baba alilichukua, akalikumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamsikia akilia.