Hasi Mbili

Kama kuna mtu aliyechoka kulaumiwa bure, ni fundi wa seva wa idara ya kemia. Siku kumi na moja binti mmoja wa shahada ya uzamivu alikuwa amemganda kama kupe: mara diski yako mbovu, mara umeme umekatika hesabu zikavurugika. Leo hesabu zimekwisha, na majibu ni upuuzi mtupu. Molekuli yake imepoteza protoni mbili, zikaacha elektroni zao nyuma, kwa hiyo oksijeni zilitakiwa zijae chaji hasi. Kompyuta inasema zina kiduchu tu.

Profesa anaitaka sura ya nne saa tisa. Ikikosekana, shahada inasubiri mwaka mzima, na mama mtu alishawatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari.

"Mashine yako imenimaliza," binti alimwambia fundi, akambwagia karatasi za majibu mezani.

Fundi alizitazama bila haraka. "Mimi kemia siijui, dada yangu. Ila hizi chaji ukizijumlisha zote, inatakiwa ije ngapi?"

"Hasi mbili. Hilo nalo la kuuliza?"

"Haya, jumlisha."

Akajumlisha kwa hasira, apate kumkomesha. Ikaja sifuri. Akarudia. Sifuri.

Akalifungua faili aliloipa kompyuta siku ya kwanza. Alilinakili kutoka kazi ya mwaka jana, akabadilisha atomu zote, ila mstari wa juu, wa chaji ya molekuli nzima, akauacha vilevile. Sifuri. Ingepungua elektroni moja, nyingine ingebaki bila mwenza na programu ingegoma. Zilipungua mbili, zote zikabaki mbilimbili, programu ikanyamaza, ikapiga kazi. Siku zote hizo anamsema mtu mzima kwa kosa la vidole vyake mwenyewe. Nyani haoni kundule, jamani.

Picha za rangi za majibu hayo alishazichapa, zinapendeza kweli. Profesa naye ana haraka zake. Nani angekaa kujumlisha? Alizishika kidogo, kisha akazichana, akamwandikia Profesa: sura haipo, kosa ni langu. Fundi alimvutia kiti.

Binti akaandika hasi mbili kwenye mstari ule wa juu, akaisoma mara tatu, akatuma kazi upya. Siku nyingine kumi na moja.

Simu ikaita. "Daktari wangu," mama alisema, "umeshamaliza?"

"Hapana, mama. Ndiyo kwanza naanza."